Pete ya Kifuu

Mji wa Kandaruwa, katika zama ambazo wazee wa wazee wetu walikuwa bado hawajazaliwa, ulitawaliwa na Sultani Nasibu bin Tamimu, naye alikuwa mtu mpole wa maneno na mwoga wa moyo, na jumba lake lilikuwa na milango arobaini ya shaba, na hazina yake haikupata kupungua hata siku moja. Watu wa mjini walisema ni baraka. Walioishi ndani ya jumba walijua kwamba si baraka, ni mkataba.

Kwa maana babu yake Sultani, alipokuwa akijenga jumba lile, aliishiwa na dhahabu, akapatana na jini wa machimboni aitwaye Shamrahi, na mapatano yao yakaandikwa juu ya ngozi ya swala kwa wino wa zafarani. Jini aliingia akakaa ndani ya pete ya dhahabu yenye yakuti nyekundu, na kila binti wa ukoo ule, au wa kuolewa humo, alipoposwa alivishwa pete ile kwa siku arobaini, kisha ikarudishwa hazinani, na siku inaporudi hazina hujaa mpaka mlango haufungiki. Na jini alichochukua kuwa malipo yake hakikuonekana kwa macho. Alikula matakwa ya yule binti. Binti alitoka katika siku arobaini mzuri kama alivyoingia, mwenye afya na mwenye haya, ila hakupata tena kusema "nataka" wala "sitaki" mpaka kufa kwake, na watu wakamsifu wakasema, "Tazameni adabu ya mabinti wa Kandaruwa."

Sultani Nasibu alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Amne, na kabla hajavishwa pete alikuwa binti wa kugombania ukoko wa wali na wapishi, akitaka hiki na kukataa kile tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya pete, ukimwuliza atakula wali au mkate alijibu, "Chochote," na ukimwuliza avae kanga gani alijibu, "Yoyote." Na siku alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mkunga alimfunga mtoto kitambaa, akamlaza kifuani pa mama yake, akamwuliza kwa upole, "Tumpe jina gani, bibi?" Amne akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akajibu, "Lolote."

Mdogo wake, Thureya, alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu, na maji yale yakamwagika yote sakafuni. Ndiyo siku alipoanza kuogopa.

Miaka ikapita, na Thureya akashikwa na homa kali iliyompukutisha nywele, na zilipoanza kuota tena ngozi ya kichwa ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na kila kitana, cha dhahabu na cha pembe, kilimliza. Akaitwa fundi mchonga vitana kutoka sokoni, kijana yatima jina lake Mughira, akaketishwa nje ya pazia. Nao waganga waliojaa chumbani walikuwa wakibishana wao kwa wao kuhusu kichwa chake kana kwamba mwenyewe hayupo. Mughira akangoja wanyamaze, kisha akauliza, "Bibi, inakuuma wapi?"

Thureya hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa hivyo. Kisha akamweleza. Na kitana kilichochongwa kilikuwa na meno mapana yenye ncha za mviringo, na kilipita kichwani bila kumwumiza, na mwaka haukuisha nywele zikarudi.

Sultani akafurahi, akaapa mbele ya baraza kwamba atampa fundi yule chochote atakachoomba. Watu wote wakatega masikio. Mughira akaomba siku tatu za kufikiri, na siri yake akaipeleka kwa Mwanjaa, yaya aliyemlea Thureya tangu utotoni, naye Mwanjaa akaja akamwinamia binti sikioni.

"Fundi anasema hivi. Anataka kukuomba wewe. Lakini kama hutaki, amesema umwambie, ataomba punda."

"Punda?"

"Ana safari nyingi za kwenda kutafuta mbao, maskini. Punda atamfaa."

Thureya akacheka mpaka akajishika ubavu. Alikumbuka kwamba katika mwaka ule mzima wa ugonjwa, fundi huyu ndiye peke yake aliyekuja kila mwezi kuuliza kama kitana bado kinafaa. Akasema, "Mwambie aache punda."

Sultani hakuweza kurudi katika kiapo chake, akakubali, na siku ya posa ikawekwa kuwa Alhamisi. Lakini alipompa Thureya habari, hakumtazama usoni. "Mchumba umempata wewe mwenyewe, binti yangu," alisema, "na mimi sikukataza. Lakini pete ni ile ile."

Siku ile Thureya hakula. Aliketi mkabala wa dada yake, akamtazama akichambua mchele, punje moja moja, kwa utulivu wa mtu asiyengoja kitu. Akawaza: siku arobaini kuanzia Alhamisi, Mughira ataniuliza inaniuma wapi, nami nitamjibu, "Popote."

Mwanjaa hakuwa msomi, lakini alikuwa na masikio. Alikuwepo siku kadhi aliposoma mkataba katika posa ya Amne, na maneno yale aliyahifadhi. "Mwanangu, nisikilize," alisema. "Imeandikwa, bibi atachagua pete siniani, na mchumba ataiweka kwa mkono wake mwenyewe. Atachagua. Hapakuandikwa kwamba sinia iwe na pete moja."

"Na kwa nini hakuna aliyewahi kuweka ya pili?"

"Kwa sababu ya maneno yanayofuata," yaya akasema, na sauti ikampungua. "Pete ya pili ikichaguliwa, jini ana ruhusa ya kuijaribu tangu adhuhuri mpaka jua lizame. Ikivuliwa kidoleni, au ikianguka, bibi na bwana ni wake wote wawili. Si matakwa tu. Na akili, na miaka yao iliyobaki. Isipoanguka, jini atakuwa mtumwa wa bibi kwa miaka saba."

Thureya akafikiri sana, kisha akasema, "Basi hilo si langu peke yangu. Mwulize."

Mwanjaa akaenda sokoni, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. "Nimemwuliza. Aliinuka akaanza kutafuta tupa yake. Kisha akasema hivi, na mimi nakufikishia kama alivyosema: dhahabu, fedha, shaba na mawe yote yametoka machimboni, na yote yanamtii jini. Tutafute kisichochimbwa. Amekutengenezea pete nne, kwa kila moja umwambie ukweli."

Fundo likafunguliwa. Palikuwa na pete ya pembe ya nyati, na Thureya akaivaa akasema inamkwaruza pembeni. Palikuwa na pete ya msandali, ikanukia chumba kizima, naye akasema anaipenda lakini harufu inamwumiza kichwa. Palikuwa na pete ya gamba la kauri, nyeupe, na yaya akaigonga kwa ukucha akatikisa kichwa kwa wembamba wake. Na ya nne ilikuwa nyeusi inayoelekea rangi ya kahawa, imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake mna mistari myembamba ya hudhurungi kama nyuzi za hariri.

Thureya akaivaa katika kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Haikuwa baridi kama pete zilivyo. Ilikuwa na uvuguvugu, nyepesi, na ikakaa.

"Hii ni nini?"

"Kifuu cha nazi, mwanangu. Watu watasema binti Sultani kaposwa na jiko."

"Amekitoa wapi?"

"Kwa mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi mlangoni pake, mtoto mgongoni. Alimwomba kimoja. Yule mama alipojua ni cha pete ya posa, akachagua kilichokomaa kuliko vyote, akakiosha mara tatu, akakifuta kwa upindo wa kanga yake, ndipo akampa."

Thureya akaizungusha pete kidoleni, na moyo wake, ambao haukutulia kwa siku nyingi, ukatulia kidogo. Akasema, "Hii. Nataka hii."

Alhamisi ikawadia, na baraza likajaa mawaziri na masharifu na wake zao, na sakafu ikanyunyizwa marashi. Sinia la fedha likawekwa katikati, na juu yake pete ya dhahabu yenye yakuti, nzito, nyekundu kama kaa la moto. Ndipo Mughira alipoinuka, kanzu yake ikiwa imetiwa viraka viwili safi, akaiweka pembeni yake pete ya kifuu kwa mkono wake mwenyewe. Kikapita kicheko, mwanzo kwa adabu, kisha bila adabu.

"Fundi amesahau mpini wa upawa wake," akasema waziri mmoja.

"Huenda mpini ndio mahari," akajibu mwenziwe.

Sultani akageuka rangi. "Binti yangu," alisema kwa sauti ya baraza, "sisi watu wa enzi hatuwakatazi watoto wetu kilicho halali, na mkataba wa babu yetu unakupa haki ya kuchagua. Lakini mbele ya mashahidi hawa nakuusia: pete ile imevaliwa na bibi yako, na shangazi yako, na mama yako, na dada yako, na wote wako hai na wana heshima. Usiitie nyumba hii katika hatari kwa ajili ya kigae cha jikoni."

Thureya akawatazama aliowataja baba yake. Bibi yake alikwisha kuwa kikongwe asiyeinua macho. Shangazi, mama yake na Amne waliketi safu moja, mikono mapajani, na nyuso zao zilikuwa tulivu kama maji ya mtungi.

"Chagua, binti Sultani," kadhi akasema mara ya kwanza. Na mara ya pili. Thureya akamtazama Mughira, naye Mughira akasema polepole, "Mimi nilikwisha kuuliza, na jibu nimepewa. Usichague kwa ajili yangu."

Mara ya tatu kadhi alipotamka, Thureya akaichukua pete ya kifuu, akaivaa.

Yakuti ikafifia mpaka ikawa kama jicho la kipofu, na moshi ukatoka, na moshi ukakusanyika ukawa mtu mrefu asiye na kivuli, kilemba chake kimegusa dari, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kutisha. "Amani kwa baraza," alisema Shamrahi. "Nimekaa katika nyumba hii kwa heshima, na leo nimevunjiwa heshima kwa kifuu. Si neno. Adhuhuri imepita, na jua linakwenda. Nipeni ruhusa nifanye kazi yangu."

Akapuliza. Pete zote zilizokuwa katika vidole vya watu zikapata moto, na mabibi wakazivua wakizitupa sakafuni na kupuliza vidole vyao, na vikombe vya shaba vikawa havishikiki. Jasho likamtiririka Thureya, na pete yake ikatoa harufu ya nazi iliyokaangwa, lakini kidole hakikuungua. Jini akapuliza tena, akakunja uso.

Kutoka mlangoni, mkuu wa wapishi, ambaye hakuruhusiwa kusema barazani, alishindwa kujizuia. "Kifuu hakipitishi moto upesi, bwana," akasema. "Ndiyo maana tunakorogea kwacho."

Jini akaachia moto, akageuza kiganja, na pete zikanyesha kutoka hewani. Zikaanguka juu ya mazulia kama mvua ya masika, za almasi na za zumaridi na za lulu, na watu waliokuwa wakicheka kwa heshima wakapiga magoti wakizikusanya na kusukumana kwa mabega, na waziri yule wa upawa akajaza kilemba. Moja ikabingirika mpaka kwenye unyayo wa Thureya, ikasimama. Ilikuwa ndogo, ya fedha nyembamba, na feruzi ya rangi ya anga baada ya mvua, na ilikuwa ndiyo pete ambayo, kama angeulizwa utotoni, angeitaka.

"Ivae," jini akasema karibu na sikio lake. "Ninajua unachopenda kuliko unavyojua mwenyewe. Vua ile, vaa hii, wala sitakula kitu kwako."

Thureya akainama, akaitazama feruzi ile kwa haki yake yote, kwa kuwa hakutaka kujidanganya. "Ni nzuri," alisema. "Wala sisemi uongo, naipenda. Lakini nimekwisha kuchagua."

Jua sasa lilikuwa limeshuka hadi vidirisha vya chini, na mwanga ukalala sakafuni kwa urefu. Thureya alianza kuhesabu pumzi. Na Shamrahi akaacha upole. Alinyoosha kidole kimoja, akagusa hewa tu, na pete ikalia, mlio mdogo, kama unavyosikia ukipasua nazi kwenye jiwe la mlangoni lakini kwa mbali. Ufa ukatokea. Ukatambaa taratibu, mwembamba kama unywele, ukafuata mstari mmoja wa hudhurungi kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili.

"Ikianguka," jini akasema. "Imeandikwa, ikianguka."

Mughira akasimama, lakini walinzi wakamzuia, kwa kuwa mchumba haruhusiwi kumgusa bibi siku ya posa. Thureya akaubana mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na jini akatikisa kidole, na mkono wa kulia ukafa ganzi ukaanguka ubavuni kama kitambaa. Ufa ukafika ukingoni. Pete ikabaki imeshikana kwa unyuzi, na vidirishani jua lilikuwa bado lina upana wa vidole viwili.

Ndipo Amne alipoinuka.

Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemwagiza. Alipita katikati ya watu waliopiga magoti, akizikanyaga almasi kwa miguu mitupu, akafika, akaufunika mkono wa mdogo wake kwa viganja vyake viwili, kama mtu anavyomfunika kifaranga. Thureya alihisi viganja vile vina joto.

Shamrahi akanyoosha kidole, kisha akakirudisha kana kwamba kimeungua. "Mwondoeni," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Mwondoeni mwanamke huyu. Nani amemtuma?"

"Nani amekutuma, mwanangu?" Sultani akauliza, amesimama.

"Hakuna," Amne akasema.

Kadhi akaikunjua ngozi ya swala mpaka mwisho wake, mahali ambapo wino ulikuwa umefifia kwa kutosomwa, akasoma kwa sauti: "Na mwanamke aliyekwisha kunilipa, sitamgusa tena milele, wala kilichomo mkononi mwake."

Kisha mama yao akainuka, akaja akaweka viganja vyake juu ya viganja vya Amne, na shangazi akaja akaweka vyake, na bibi kikongwe akaletwa ameshikwa kiwiko na Mwanjaa, akaweka mkono wake mmoja mkavu juu ya yote. Wakasimama hivyo, wanawake wanne waliovuliwa matakwa yao na mmoja ambaye bado anayo, na jini akawazunguka akinguruma, akitafuta upenyo, na hakuuona.

"Nilikula matakwa yao yote," alisema, sasa kama anayejiuliza mwenyewe. "Sikubakisha. Hawajitakii chochote."

"Hawajitakii," Thureya akajibu, machozi yakimdondoka juu ya mikono ile. "Wananionea huruma mimi. Hilo halikuwamo katika mkataba wako."

Vidirishani mwanga ukawa wa upana wa kidole, kisha wa uzi. Mwadhini akapanda mnarani. Jua likazama, na viganja vilipofunuliwa kimoja kimoja, pete ya kifuu ilikuwa kidoleni, imepasuka, haikuanguka.

Basi Shamrahi akainamisha kilemba chake, kwa maana jini hana jambo lingine mbele ya maandishi, na kwa sheria ya kushindwa akawa mtumwa wa Thureya kwa miaka saba, na siku ile ile akaamriwa aufungue mgodi wake, na dhahabu iliyotoka humo ilikuwa nyingi kuliko ya mababu wote. Thureya alimwamuru jambo la kwanza kabla ya yote: awarudishie wanawake wale matakwa aliyokula. Jini akajibu kwa ukweli, kwa kuwa mtumwa hawezi kumwongopea bwana wake, kwamba kilicholiwa kimeliwa. Thureya akalia usiku kucha kichwa chake kikiwa mapajani mwa Amne, na Amne akamfuta machozi mpaka asubuhi, na hakuna aliyemwambia amfute.

Mughira akaifunga pete kwa uzi wa fedha mahali ilipopasuka, baada ya kumwuliza mwenyewe kama anapenda ufa uonekane au ufichwe, naye akasema uonekane. Harusi ikafanywa siku saba, na yule mama mkuna nazi akaketishwa mbele pamoja na mtoto wake, na Mughira akafunguliwa karakana kubwa, lakini hakuacha kuchonga vitana. Na Sultani Nasibu, kwa aibu yake, akaichoma ngozi ya swala kwa mkono wake, akaacha ufalme kwa binti yake na mkwewe, akaenda kuishi katika chumba kidogo karibu na Amne, na kila siku alimletea chakula yeye mwenyewe.

Binti wa Amne, yule aliyepewa jina na mkunga, akakua, na siku yake ya posa ilipofika akaletewa pete za kila aina juu ya sinia kumi. Akachagua. Akabadili. Akazikataa zote, akataka ya mfupa wa ngamia, ilipoletwa akasema hapana, si hiyo. Mchumba wake akangoja wiki tatu, na mafundi wakachoka, na wapishi wakapika pilau mara mbili ikapoa. Katika jumba lile la milango arobaini hakuna aliyemharakisha, na mama yake aliketi kando yake siku zote zile, akimpa pete moja baada ya nyingine, akiutazama uso wake.

Ndugu zangu, mwenye binti na amwulize, na akishamwuliza angoje jibu. Mali hujaza nyumba hata mlango usifungike, lakini huruma ndiyo inayoshika kilichopasuka kisianguke. Jamvi langu la hekaya nalikunja hapa, na aliyeketi juu yake hadi mwisho, Mungu ampe anachokitaka mwenyewe.